Siku Kipaza Alipoutazama Mshipa Wake

Kila aliyependa kusikiliza mpira redioni aliijua sauti ya Kipaza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pumzi ya ajabu, na mdomo wake ulikwenda mbio kuliko miguu ya wachezaji. Nyumbani alikuwa na mabinti pacha na mume fundi cherehani, mtu wa maneno machache.

Hospitali alikwenda kwa jambo dogo. Tumbo lilikuwa likimsumbua kila akila, na daktari akashuku vijiwe vya nyongo. Dada wa ultrasaundi akampaka jeli ya baridi, akapitisha kifaa huku na huku. Vijiwe hakuviona. Lakini upande wa kushoto, karibu na bandama, palikuwa na kiduara cheusi, na alipobonyeza kitufe cha kuonyesha mwendo wa damu, kikajaa rangi nyekundu na buluu zikizungukana. Kipaza akauliza ni nini kile kinachocheza. Dada akaomba radhi, akatoka kumwita mkubwa wake.

Akapelekwa kwenye skani, akachomwa dawa ya kung'arisha mishipa, na joto likamtambaa mwili mzima. Baadaye daktari bingwa wa mishipa akawaketisha yeye na mumewe mbele ya picha. Maumivu ya tumbo yalikuwa asidi tu, akasema. Ila mshipa unaopeleka damu kwenye bandama ulikuwa umevimba mahali pamoja kama puto, ukubwa wa ndimu. Hauumi, ndiyo maana hakujua. Lakini ukipasuka, damu humwagika tumboni, na wengi hawawahi kuokolewa.

Mume akauliza, "Mtampasua?"

"Hapana, baba. Tutaingiza mrija mwembamba kinenani, tufuate mshipa mpaka pale, tuuzibe kwa ndani. Hatalazwa usingizi."

Kipaza akainua kichwa. "Kwa hiyo nitaona?"

"Ukipenda, tutakugeuzia skrini."

Hofu haikumtoka yote, lakini tangu hapo alihesabu siku kama mtu anayesubiri fainali. Pacha walichoka kuelezwa.

Siku yenyewe walimpiga ganzi, akalala chali chini ya mashine, shingo kaielekeza kwenye skrini. Kila daktari alipotaka kupiga picha alimwambia avute pumzi, aishike, asiseme neno. Hapo ndipo alipoujua mtihani wake. Dawa ilipomwagwa, mshipa ukajichora kama wino, umejisokota kona baada ya kona, na mrija ukazipita moja moja bila pupa.

"Amekata kona," Kipaza akanong'ona.

"Dada, ukisema, picha inatikisika."

Akaibana midomo. Waya laini ukatoka kwenye ncha ya mrija, ukajikunja ndani ya puto kama bonge la uzi. Mara ncha yake ikachomoza nje, ikaelekea kwenye mshipa. Daktari akaurudisha waya taratibu, akasogeza mrija kidogo, akajaribu tena. Safari hii ulikaa. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka puto likashiba na mshipa ukazibika mahali hapo. Dawa ikamwagwa mara ya mwisho: bandama ikapata damu yake kwa vijishipa vya pembeni, na puto likabaki giza, halipokei kitu.

"Sasa pumua," daktari akasema. "Na useme unavyotaka."

Alisema. Wodini, amelazwa chali, mguu haruhusiwi kuukunja, alimtangazia mumewe mchezo wote tangu dakika ya kwanza. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kumsikiliza, na muuguzi akasimama na trei yake mpaka waya ukakaa. Mume alicheka hadi akafuta machozi kwa mkono wa shati.

Siku chache mbavu za kushoto zilimuuma, na homa kidogo ikamwandama. Kisha vikapita. Picha ya marudio ilionyesha puto limezibika kabisa, na daktari akamruhusu kurudi kazini. Alitoka hospitali moja kwa moja hadi uwanjani, plasta ya sindano ingali mkononi. Kwenye duka lake la kushonea, mumewe aliposikia redioni sauti ya mkewe ikipanda pamoja na mshambuliaji, aliuacha mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga, akangoja bao.