Fuko Juu ya Kaburi la Babu

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na habari mbili kuhusu watu waliokufa, na hazikupatana. Ya kwanza niliipata shule ya Jumapili: mtu mwema akifa anapaa mbinguni, kwenye jiji la dhahabu lisilo na usiku. Ya pili niliipata jikoni, moshi ukiniwasha macho. Mungu alimtuma fuko awaambie watu kwamba watakufa kisha watafufuka. Njiani fuko akakutana na fisi. "Wakifufuka," fisi akamwuliza, "mimi nitakula nini?" Fuko akaogopa, akaenda akawaambia watu kinyume: mtakufa na basi. Aliporudi kwa Mungu alifokewa hadi akaingia chini ya ardhi kwa aibu, na huko ndiko aliko hata leo. Ujumbe wa kweli bado anao.

Shida ni kwamba habari zote mbili zilitoka kinywani mwa mtu mmoja. Nyanya yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani kwetu, upande wa Muthara, na ndiye aliyekuwa mwenye jiko. Kanisani alivaa kitambaa cheupe kichwani akasimulia milango ya lulu. Nyumbani alijifunga leso, akachochea moto, akasimulia fuko. Sikuwahi kumwona akihangaika kuzipatanisha. Aliyehangaika ni mimi.

Nilihangaika hasa kwa sababu ya Babu. Mimi nilipewa jina la Nyanya, Makena, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo Babu aliniita mke wake. "Bibi, chai iko wapi?" angeuliza akitoka shambani, nami ningemletea kikombe kwa mikono miwili, nimejaa ukubwa. Alilima viazi vikuu, vile ambavyo mashina yake hupanda juu ya miti, na duniani alikuwa na adui mmoja tu: fuko. Fuko alipita chini kwa chini akala kiazi chote, akaacha majani yamestawi juu kana kwamba hakuna lililotokea. Babu alimwita mnafiki. Hakuwa na tusi kubwa kuliko hilo, na nadhani nililirithi kwake.

Alikufa nikiwa na miaka minane, katikati ya mvua. Kwa hesabu za nyumbani kwetu, nilikuwa mjane.

Mhubiri mgeni aliletwa kutoka mjini. Alisema Babu amepandishwa cheo, kana kwamba mbinguni ni ofisi ya serikali na kifo ni barua ya uhamisho. Akasema tusilie, maana anayelia anatilia shaka mbinguni. Nyanya, kiongozi wa akina mama, alitii. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu wote akitabasamu kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Jeneza halikunitisha. Lile tabasamu lilinitisha.

Nami nilikuwa na swali. Kwa Kimeru mbinguni ni iguru, yaani juu tu, neno lile lile la kumwambia mtu akuteremshie chungu kilicho juu ya rafu. Watu wote waliimba kwamba Babu ameenda iguru. Lakini mimi nilisimama mbele kabisa, kati ya miguu ya watu wazima, nikaona kwa macho yangu wakimshusha chini kwa kamba. Hakuna aliyeonekana kushangaa. Isitoshe, iguru kazi yenyewe ni kuimba, na Babu alikuwa ameshaombwa na kwaya, kwa heshima zote, awe anaimba moyoni.

Nilitaka arudi. Sikutaka kitu kingine. Na katika zile habari zangu mbili, moja tu ndiyo iliyokuwa na njia ya kurudi kwetu shambani.

Wiki moja baada ya mazishi nilitumwa asubuhi kuchuma mboga karibu na migomba, pale kaburi lilipokuwa, udongo wake mwekundu bado umevimba. Nikaona udongo unasogea. Ulisogea kidogo tu, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi. Kisha ukainuka, ukapasuka, ukamwagika pembeni. Nikiwasimulia watu wanafikiri hapa nitasema nilikimbia. Sikukimbia. Mke hamkimbii mumewe. Niliikunja sketi yangu ya shule, nikaketi, nikangoja.

Baba Mdogo Kirimi ndiye aliyenikuta. Alikitazama kile kilima kidogo cha udongo mbichi, akaenda mbio kumwita Mzee Kiambati, aliyejulikana kijiji kizima kwa kutega mafuko. Mzee alikuja na fimbo zake za kupinda na waya. Akachuchumaa, akashika udongo, akacheka bila sauti.

"Ni yule yule," alisema. "Amekuja kuhakikisha kama mzee ameenda kweli."

"Wacha mchezo, Mzee," Baba Mdogo akasema. Yeye alikuwa mwalimu, na aibu ilimuumiza kama jino. "Jumapili kanisa lote linakuja hapa kwa maombi. Wakute kaburi la mzee wa kanisa linachimbuka? Tega hapo."

"Usitege!" Nilijitupa juu ya udongo, kifudifudi.

"Makena, toka hapo."

"Sitoki. Babu anaamka."

Wakatazamana. Baba Mdogo alinishika mkono akavuta; mimi nikashika udongo. Mzee Kiambati akarudi nyuma hatua mbili na fimbo zake. "Mimi sitegi juu ya mtoto," alisema. "Kirimi, mwite mama yako."

Nyanya alikuja mikono yake ikiwa na unga. Tabasamu la mazishi lilikuwa bado lipo. Alikuwa amelivaa wiki nzima, mpaka kwa wanaokuja kukopa chumvi. Alikitazama kilima, akanitazama mimi.

"Makena, huyo ni fuko."

"Najua ni fuko."

"Sasa Babu anaamkaje?"

"Si wewe ulisema fuko ana ujumbe? Alikuwa anaogopa kutuambia sisi. Sasa ameshuka kumwambia Babu." Nilifikiri kidogo. "Na kumwomba msamaha kwa vile viazi."

Nyanya alicheka. Kilianza kicheko chake halisi, kile cha jikoni, cha kupiga paja. Halafu kikavunjika katikati, na kilichofuata hakikuwa kicheko. Aliketi kwenye matope kando yangu, akafunika uso kwa leso, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alimwita Babu kwa jina, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya.

"Mama," Baba Mdogo alinong'ona, "watu watasikia."

"Wasikie. Kwani aliyekufa ni mume wao?"

Mzee Kiambati alivua kofia. Nyanya alipopata pumzi alimwambia, "Nenda utege kwa viazi. Hapa hapana."

"Kwa viazi hayuko, Mama," Mzee akasema. "Yuko hapa."

"Basi leo ameponea."

Waliondoka wote wawili, Baba Mdogo akitikisa kichwa. Ndipo nikauliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya kamba.

"Nyanya, atarudi?"

Nilingoja milango ya lulu. Alipangusa pua kwa leso.

"Mimi sijui," alisema. "Nimeahidiwa tu."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Na yeye hudanganya?"

"Mimi hajanidanganya bado."

"Basi tungoje," nikasema.

Tukangoja. Udongo ukasogea mara moja tena, kisha ukatulia. Uji ukaungua jikoni, harufu ikatufikia, na hakuna aliyeinuka. Jua lilipofika kwenye migomba alinipangusa magoti, akanipeleka shule mwenyewe, nimechelewa na nimejaa matope, akamwambia mwalimu kwamba tulikuwa na kazi.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilipata kiburi cha kusoma Maandiko bila kusimuliwa na mtu, nikitafuta makosa. Nilichokuta kilininyamazisha kidogo. Kule mwisho kabisa, kwenye Ufunuo, watu hawapandi popote. Jiji ndilo linaloshuka. Mungu ndiye anayehama, anakuja kukaa na watu, na anawafuta machozi machoni mwao. Nilirudia mstari huo mara kadhaa. Anayefutwa machozi ni mtu aliyelia. Yule mhubiri wetu wa cheo aliuruka, au hajaufikia.

Kuhusu fuko sina la kujitetea. Nimeishi Kaaga, kule mjini, miaka mingi, nina digrii na vitabu vyangu, na najua mnyama yule alikuwa akifuata udongo laini tu. Ila wakubwa walikuwa wamefunga mlango wa msiba kwa tabasamu, na yeye ndiye aliyeufungua, kutokea chini.

Nyanya sasa amelala kando ya mumewe, na siku tuliyomzika nililia bila kuomba ruhusa. Tangu asubuhi ile ya matope nimesikia mahubiri mengi ya mbinguni, na karibu yote yalikuwa na uhakika kuliko wake. Lakini hakuna mhubiri mwingine aliyewahi kuketi nami kwenye udongo wenye unyevu tukangoja tuone kama ni kweli.