Mzee Aliyetufuata Genoa

Nawaambieni, ila msinicheke sana. Mwezi uliopita kwaya yetu ya Iringa ilialikwa Italia, na siku ya mapumziko mimi na wifi yangu Veronika tukaenda kutembea katika mji mkongwe wa Genoa. Vichochoro vyake ni vyembamba, nguo zimeanikwa juu madirishani, na kila mtu alikuwa ametuonya tujihadhari na vibaka.

Karibu na duka la samaki nikamwona mzee mwenye koti lililochakaa. Tukisimama kutazama kitu, naye anasimama. Tukikata kona, anakata. Tulipoingia kanisani akaingia pia, akapiga goti nyuma yetu.

"Huyu anaigiza tu," nikamwambia wifi. Kisha nikahamia Kihehe, lugha ambayo niliamini hakuna mtu wa kuielewa kule, wala sikupunguza sauti. "Kumbatia mkoba wako. Sura yenyewe ya wizi, na pua ile inanusa pasipoti kutoka mbali. Akisogea namchapa."

Veronika akacheka. Mzee akainuka, akatujia taratibu.

"Kamwene," akatusalimu, akaendelea kwa Kihehe kilichonyooka kuliko changu. "Nisameheni, mama zangu. Nilikuwa padre Iringa, nikaishi Kihesa mpaka uzee uliponirudisha huku. Nimewasikia mkiongea Kiswahili pale dukani, nikashindwa kuondoka. Nilitaka kusikiliza tu."

Nikaanza kumwomba radhi.

"Ila kuhusu pua," akasema, "hata waumini wangu wa Kihesa walikuwa wanasema hivyohivyo."