Mkunazi wa Bibi

Nafikicha majani ya mkunazi kwenye beseni, povu linapanda, na harufu yake inanirudisha kwa bibi yangu, uani kwetu Ansab, akipasua kwa jiwe kokwa za kunazi tulizookota bondeni, kwenye mkondo mkavu wa wadi. Mimi nilizifukia mbegu kwenye makopo ya maziwa.

"Nikifa," alisema, "msende kuomba kwa jirani majani ya kunikoshea. Nnataka yatoke kwenye mti wangu."

Nikaliweka chini kopo la maji. "Basi sizimwagilii. Zisiote!"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwagilia, mwanangu. Kunazi utakula wewe."

Sasa shangazi ananiita kutoka chumbani. "Lete majani. Maji ya kumkoshea tayari."

Naitema kokwa ya kunazi niliyoichuma mtini mwake pamoja na majani, naifunga kwenye pindo la kanga, nabeba beseni.