Nilivyomfinya Mgonjwa wa Kiamunyi

Naungama kwamba simwamini mtu. Rafiki yangu alisomea utabibu mwaka mzima katika chuo ambacho hakikuwa kimesajiliwa. Kwa hiyo nilipoitwa kufanya mtihani wa kuingia chuo kimoja cha utabibu cha Kiamunyi, baada ya miaka miwili ya kujifundisha biolojia peke yangu, nilitoka Olenguruone mapema ili nikikague kwanza.

"Boss, mtihani ni saa nne. Keti hapo," mlinzi akaniambia.

Kwa nini niketi? Wanaficha nini? Alipogeuka, nikapenya hadi chumba cha mazoezi ya utabibu. Kitandani palikuwa na mwanasesere wa kufundishia, mwanamke mzima, amefunikwa shuka hadi kidevuni. Bila shaka wamemwazima ili watuhadae! Nikafunua miguu, nikamfinya kidole gumba kwa kucha nione kama ni mpira duni.

"Uwiii!"

Wanafunzi waliokuwa ndipo wanafika mlangoni kumpima wakaangua kicheko.

"Mathe, kumbe wewe ni mtu?" nikamuuliza mama huyo kama mjinga.

"Ni mtu," akasema, akisugua kidole. "Leo naigiza mgonjwa wa hawa. Saa nne nitarudi kuwa mkuu wa chuo, nikikutahini wewe."