Mwavuli wa Mtu wa Kilo Tisini

Kwa miaka kumi na tisa Shangazi alikuwa amekunja miavuli ya watu wanaoruka kutoka kwenye ndege, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemchosha kama kaka yake mwenyewe. Kaka huyo, dereva wa lori mstaafu, hakuwahi hata kupanda ndege. Lakini tangu bintiye aanze kuruka, simu zake hazikukatika.

"Dada, mpe mwanangu ule mkubwa kabisa, ashuke polepole."

"Kaka, mtoto ana kilo arobaini na nne. Ule ni wa mtu wa kilo tisini. Upepo ukivuma atapeperushwa kama karatasi."

"Kubwa ndiyo salama. Au unataka kuniulia mtoto?"

Alimweleza kwa upole, akamweleza kwa ukali, mwisho akamchorea: mwavuli husonga mbele kwa uzito wa aliyeubeba, uzito ukipungua, mwavuli unafuata upepo, si mtu. Kaka akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Nimekusikia," akasema, maana yake hakusikia kitu. Na ni kaka mkubwa, ungemfanyaje?

Binti naye, badala ya kumuunga mkono, akasema, "Shangazi, nipe tu huo. Baba apate usingizi."

Jumamosi asubuhi kulikuwa shwari, akampa. Ndege ilipofika juu, bendera ya uwanjani ikaanza kupigapiga. Warukaji wenzake binti, wanaume wa miraba minne, walitua kwenye alama mmoja baada ya mwingine. Binti aliielekea alama vilevile, ila alikuwa akirudi kinyumenyume. Akapita juu ya banda, juu ya uzio, juu ya barabara, uso umewageukia kama mtu anayeaga. Shangazi alikimbia chini yake akipiga kelele zisizosikilizwa, kazi aliyokwisha kuizoea.

Binti aliangukia shamba la vitunguu. Angesimama, lakini mwavuli ulijaa upepo upya, ukamburuta matuta manane mpaka mwenye shamba alipourukia na kuulalia. Mkono ukavunjika.

Hospitalini Kaka aliingia mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. "Dada! Mbona ulimpa mwavuli mkubwa vile? Wewe si ndiye fundi?"

Kilichomchoma Shangazi zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki: fundi ni yeye, na alikubali.

"Baba," binti akasema kutoka kitandani, "ulimlazimisha."

Kaka akakaa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na huo wa saizi yake, hauwezi kuongezwa kidogo tu pembeni?"

Shangazi akachukua mkoba wake, akatoka nje kunywa maji.

Mkono ulipona, na binti sasa anaruka na mwavuli unaomfaa. Kaka hataji saizi tena. Siku hizi anapiga simu kuulizia upepo.