Nilimwambia Nimefika Ng'ambo

Habari ya kifo chake niliipata Ijumaa mlangoni mwa msikiti, kabla sijavaa viatu. Yule dereva wa pikipiki anayechechemea, aliyekuwa akiegesha karibu na soko la Palma, alifariki alfajiri kwa homa ya siku nne. Wengi wenu mmepanda pikipiki yake, na wengi mmemsikia akieleza mguu wake ulivyovunjika: mvua, bonde lililofurika, shimo lililochimbwa na maji ghafla. Maelezo hayo aliyapata kwangu. Hayakuwa ya kweli.

Siku ile dada yangu alikuwa mgonjwa kijijini Pundanhar, nami nilitaka dereva anifikishe kabla ya magharibi. Tuliondoka mawingu yakiwa meusi upande wa bara, na tulipopita nusu ya njia mvua ikatushukia yote kwa pamoja. Udongo ukawa kama sabuni. Mara mbili gurudumu la nyuma lilitaka kulipita la mbele, nami nikamng'ang'ania kiunoni. "Mzee, legeza kidogo nipumue," alisema. "Hata mke wangu hanishiki hivi." Nilicheka kwa meno tu. Radi zilikuwa zikipiga porini, na kila moja niliisikia imekaribia kuliko ile iliyotangulia.

Tulipofika bondeni, maji yalikuwa yamekata njia. Madereva wa huku wana utaratibu wao. Abiria anashuka, anakunja suruali, anatangulia kwa miguu na fimbo mpaka ng'ambo, kisha anarudi kusema maji yamefika wapi. Dereva habanduki kwenye pikipiki, maana injini ikizimika katika mvua ya namna ile huenda isiwake tena. Basi nikatangulia. Katikati maji yakanifika magotini na mchanga ukaanza kukimbia chini ya nyayo zangu. Mimi ni mtu wa pwani nisiyejua kuogelea, aibu niliyoificha tangu utotoni. Sikuthubutu hata kuichomeka fimbo mbele yangu. Mvua ilikuwa nzito, dereva hakuniona. Nikasimama pale kwa muda ambao mtu angeutumia kwenda na kurudi, kisha nikarudi.

"Umefika ng'ambo?"

"Nimefika."

"Maji?"

"Magotini. Mpaka mwisho."

Hakuuliza tena. Aliniambia nishike keria ya mizigo, nimfuate nyuma kwa miguu. Hatua chache kupita pale nilipoishia, gurudumu la mbele likatumbukia. Pikipiki ikamlalia mguu, injini ikanyamaza, ikabaki mvua peke yake. Nilijaribu kuinyanyua, sikuiweza. Nikapiga magoti nyuma yake, nikakiegemeza kichwa chake kifuani kwangu, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Maji yalikuwa yanapanda. Nilikuwa nikiyapima kwa ndevu zake: kwanza yaligusa ncha, halafu kidevu, halafu mdomo wa chini. Hapo ndipo aliponiuliza, bila hasira, kama anayeuliza saa, "Mzee, ulifika kweli?"

Nikamjibu, "Nilifika. Shimo limechimbika sasa hivi."

Wanaume wawili waliokuwa wakitoka mashambani walitusikia, wakaja wakainyanyua pikipiki. Dada yangu nilimkuta kesho yake amekaa mlangoni, anamenya muhogo. Mguu wa dereva ulipona ukiwa umepinda.

Aliendelea kunibeba miaka yote iliyofuata. Lakini kila tulipokuta maji njiani, aliniambia, "Shika hapa, usiiache izimike," akaniachia usukani, akachukua fimbo, akatangulia mwenyewe akichechemea. Hakuwahi kusema kwa nini. Kwa watu wengine aliendelea kusema maji ndiyo yaliyochimba. Nami nilisimama mvuani nikiwa nimeshika pikipiki yake, nikimtazama akipima kila hatua.

Huku kwetu tunasafiri kwa neno la mtu. Ukikutana na anayetoka mbele unamuuliza njia ikoje, na jibu lake ndilo unaloligeuza kuwa safari. Miaka ile ya kukimbia vita, familia nzima zilichagua kichaka cha kupitia kwa sababu mpita njia wasiyemjua aliwaambia huku kumetulia. Leo vijana wanaulizana kwa simu, lakini jambo ni lile lile: mmoja anasema nimepita, mwingine anapakia watoto wake. Nimejiuliza mara nyingi ni wangapi kati yetu tuliosema tumepita kwa kuona haya tu kukiri kwamba tuliogopa.

Alizikwa alasiri ile ile. Kabla hatujatawanyika, kaka yake alisimama akaomba kwamba kama yupo aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Watu wakaitikia kwamba wamemsamehe, nami nikaitikia pamoja nao. Kisha nikapiga hatua moja mbele ili niseme jambo langu. Macho yakanigeukia, nikainama kana kwamba nimeangusha tasbihi, nikarudi kwenye safu.

Kwa hiyo nayaandika hapa, ndugu zake wayasome. Nawe msomaji, siku utakayotumwa kupima maji ukaogopa, rudi useme umeishia katikati. Hakuna ambaye angenicheka zaidi ya jioni moja. Yeye dereva angecheka kuliko wote, angegeuza pikipiki, na tungerudi Palma tukiwa tumelowa, kila mmoja na miguu yake miwili mizima.