Fundi wa Rongai na mteja aliyekuwa akiisha

Saa mbili asubuhi, Eucabeth Odongo anafunua cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la mbegu mjini Rongai, Kaunti ya Nakuru. Mteja wa kwanza ameleta suruali ya kaki. Eucabeth anazungusha futi kiunoni mwake, kisha anamtazama usoni.

"Umelala vizuri, boss?"

Mwanamume huyo anacheka. Amelala vizuri, ni mkewe aliyemnunulia suruali kubwa.

Hadi mwaka jana, fundi huyu mwenye umri wa miaka 46 hakuwa na desturi ya kuuliza hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alipima watu akaangalia namba tu. Kupunguza sketi ni shilingi 150, na kwake hiyo ilitosha.

"Mtu akikonda, sisi mafundi tunafurahi. Ni kazi imekuja," anasema.

Septemba alikuja Chepkemboi, 27, mshonaji wa magunia katika ghala moja la mahindi nje ya mji. Sketi zake za inchi 32 zilikuwa zimemlegea. Kiuno kilikuwa 29. Wiki tano baadaye alirudi. Futi ilisoma 26.

"Nikamwambia, 'Umependeza, hebu nipe siri!' Nilimsifu. Hiyo ndiyo kitu inaniuma mpaka leo."

Mara ya tatu, mwanzoni mwa Desemba, kiuno kilikuwa kimefika 24, na Chepkemboi hakuweza kusimama tuli apimwe. Aliongea mfululizo, akiacha habari hii na kurukia ile, huku akisaga meno. Mikono ilikuwa na vidonda vidogo alivyozidi kuvikwaruza. Alisema kuna wadudu chini ya ngozi. Jua lilikuwa kali, lakini mboni za macho yake zilikuwa zimepanuka. Akanong'ona kwamba mwenye duka la mbegu anamfuata kila aendapo.

"Nilifikiria ukimwi, nikafikiria kisukari. Majirani zake walisema amerogwa," Eucabeth anakumbuka.

Alimpigia simu Sally Jepleting, muuguzi ambaye yeye Eucabeth humshonea sare. Sally aliuliza mambo mawili tu: anakula? Analala? Eucabeth akaenda kumwuliza mama mwenye nyumba alikopanga Chepkemboi. Akaambiwa kwamba binti huyo hukaa macho siku tatu akipanga na kupangua vyombo, kisha hulala siku mbili asiweze kuamshwa, na sufuria haijapanda jikoni kwa wiki nzima.

Muuguzi akashuku meth, dawa ya kulevya inayoondoa usingizi na njaa.

"Dalili moja si ushahidi," Sally anaeleza. "Mtu anaweza kukonda kwa ugonjwa au kwa mawazo. Lakini zikija nyingi pamoja, tena kwa haraka, usinyamaze. Na usimpigie kelele. Ngoja atulie, halafu umwulize."

Chepkemboi alipokuja kuchukua sketi zake, zilikuwa hazijaguswa.

"Mathe, si ulisema ni leo?"

"Sijazishona, mami. Nikizipunguza tena nitakuwa nakusaidia kuisha. Unatumia nini?"

Alizinyakua, akamtusi fundi mbele ya wateja, akaondoka. Siku kumi na moja zikapita bila habari yake.

"Sikuwa na amani. Nilijiambia nimemfukuza mgonjwa," asema Eucabeth.

Siku ya kumi na mbili, Jumapili, akitoka kanisani, alimkuta Chepkemboi langoni pa kanisa akitetemeka, midomo imekauka.

"Akaniambia, 'Mathe, watu wote walinisema. Ni wewe peke yako uliniuliza.'"

Chepkemboi, ambaye amekubali jina lake litumike, anasema yote yalianza mahindi yalipofurika ghalani na kazi ikawa haina mwisho.

"Mwenzangu alinipa akasema itanipa nguvu. Wiki ya kwanza nilijiona simba. Halafu nikawa siwezi hata kuamka bila hiyo."

Jumapili iyo hiyo Eucabeth alimpigia Sally, naye akawapeleka hospitalini Nakuru, na tangu hapo Chepkemboi huonana na mshauri kila wiki. Februari alianguka tena, akarudia kutumia. Eucabeth alifunga kazi siku mbili, akaandamana naye kurudi hospitalini.

Leo ni miezi mitano hajatumia. Ameacha kazi ya ghala na sasa anatunza miche katika kitalu kimoja huko Kiamunyi. Jino moja limeng'olewa, na usingizi wake bado hukatika.

"Sijapona kabisa," anasema. "Lakini nasikia njaa. Ulikuwa umepita muda mrefu sana bila kusikia njaa."

Mwezi ujao Eucabeth anapanga kuwakutanisha mafundi, wasusi na vinyozi wa Rongai, watu ambao kazi yao ni kugusa miili ya wengine kila siku, ili Sally awafundishe cha kutazama na namna ya kuuliza. Kumi na tisa wamekubali kuja, na kanisa limewapa chumba.

"Chepkemboi ndiye ataongea wa kwanza," asema fundi huyo. "Ameniambia anaogopa watu. Nimemwambia nitakaa mbele kabisa, aniangalie mimi tu."